Narudi Kufanya Nini?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyakuta mazungumzo haya gazetini, juma hili naanza na swali nililoulizwa na mpwa wangu. Alikuja nyumbani Jumamosi jioni, akaamkia, akakaa, akanywa chai yake mpaka ikaisha bila kusema neno la maana. Ndipo akafungua mkoba akatoa karatasi ya kliniki. Mwaka jana alipimwa mlango wa kizazi, akakutwa na kirusi, akatazamwa, ikaonekana sehemu ndogo iliyoanza kubadilika. Haikuwa saratani. Ilikuwa ni ile hali inayoitangulia saratani kwa miaka mingi. Wakaichoma kwa joto siku hiyo hiyo, naye akarudi nyumbani kwa daladala. Sasa karatasi inamwita arudi baada ya miezi 12, na miezi 12 imetimia.

"Mjomba," akaniuliza, "kama walinitibu, narudi kufanya nini?"

Nikaweka kikombe changu chini. Maneno hayo nilikwisha kuyasikia zamani, tena kutoka kwa mama yake.

Mama yake alikuwa dada yangu mkubwa. Mwaka 2009 alianza kutokwa damu wakati usio wake, akaficha, akadhani ni mambo ya umri. Alipokubali kwenda hospitali, tayari ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Akatibiwa kwa mionzi hapa jijini majuma kadhaa, nami ndiye niliyempeleka asubuhi kabla ya zamu yangu studio. Akamaliza. Damu ikakoma, hamu ya chakula ikarudi, akanenepa. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alitupa kadi, akatueleza kwa utaratibu kabisa kwamba arudi baada ya miezi 3, na baada ya hapo aendelee kurudi kwa miaka kadhaa. Tukaenda Morogoro, tukachinja mbuzi, majirani wakaja kumshukuru Mungu pamoja nasi.

Miezi 3 ilipotimia, dada akasema: "Si wamenitibu? Narudi kufanya nini? Nauli hiyo afadhali nimlipie mtoto ada." Nami, mtu wa redio, mtu wa kuwaelimisha wengine kila juma, nikakubaliana naye. Kadi nikaitia katika droo ya meza yangu. Ilikuwa bado humo mwaka 2011, mguu wake ulipoanza kuvimba na kiuno kumwuma usiku kucha. Ilikuwa bado humo siku tuliyomzika.

Sisemi kwamba angerudi angepona. Hilo hakuna awezaye kuapa. Nasema tu kwamba hatukumpa nafasi ya kujua mapema, na kwamba mwenye kosa si hospitali. Ni sisi ndugu zake.

Kwa hiyo mpwa wangu sikumjibu kwa neno moja. Nilimsimulia historia. Mimi si daktari. Nina stashahada ya uandishi wa habari na miaka ya kuulizauliza watu. Lakini historia hii ina jibu la swali lake, na nimeona niirudie hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Historia yenyewe inaanzia Verona, mji wa kaskazini mwa Italia. Mwaka 1842 daktari mmoja, Domenico Rigoni-Stern, alichapisha hesabu za vifo vya mji ule tangu mwaka 1760 hadi 1839. Kazi yake ilikuwa ya kukaa na madaftari na kuhesabu nani kafa na kafa kwa nini. Akagundua jambo la ajabu. Saratani ya kizazi iliwaua wanawake walioolewa na wajane, lakini miongoni mwa watawa wa kike, wale walioweka nadhiri ya kutoolewa, ilikuwa adimu. Hesabu zile zilikuwa zikisema wazi kwamba ugonjwa huu unahusiana na maisha ya ndoa. Lakini ni kitu gani hasa katika maisha hayo? Hakujua, na dunia haikujua kwa zaidi ya miaka 100 baada yake. Wengine wakasema ni uchafu, wengine wakasema ni kuzaa sana. Na kama ilivyo desturi ya binadamu asipojua sababu, wengine wakamtia lawamani mgonjwa mwenyewe.

Hatua ya pili ilipigwa na Mgiriki aliyehamia Marekani mwaka 1913, jina lake George Papanicolaou. Huyu bwana alifika New York hana kitu, akauza mazulia ili apate kula, kisha akapata kazi ya maabara kuchunguza simbilisi. Alikuwa akichukua ute wa simbilisi jike na kuutazama kwa hadubini ili ajue mzunguko wa uzazi wao. Baadaye akahamia kwa binadamu, na mwanamke wa kwanza kumpa ute wake, tena kwa miaka mingi bila kuchoka, alikuwa mkewe mwenyewe, Andromachi. Papanicolaou akaona kwamba wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi wana chembe zenye umbo la ajabu, na kwamba chembe hizo huonekana kabla mwanamke hajahisi maumivu yoyote. Alipolitangaza jambo hilo mwaka 1928, wakubwa wa tiba hawakumjali sana. Ilimbidi asubiri mpaka mwaka 1941, na kitabu alichokitoa mwaka 1943 pamoja na Herbert Traut, ndipo wakamsikiliza. Kipimo hicho kikachukua kipande cha jina lake, kikaitwa Pap, na mahali kilipofanywa kwa mpango, mwaka baada ya mwaka, kiliokoa wanawake wengi mno.

Lakini, msikilizaji, tazama vizuri kipimo hicho kinauliza nini. Kinauliza: chembe hizi zina sura gani? Hakiulizi: ni nani aliyeziharibu? Ni sawa na mlinzi anayezunguka nyumba asubuhi kutafuta kitasa kilichovunjwa. Akikiona, anajua mwizi alipita. Asipokiona, hawezi kujua kama mwizi hayupo au amejificha uvunguni. Kisha kila sura husomwa kwa macho ya mtu, na macho huchoka. Kipimo kimoja cha Pap peke yake huweza kupitwa na mabadiliko yaliyopo. Nguvu yake iko katika kurudiwa.

Nini hutokea pale wanapokosa njia ya kujua kama adui bado yumo ndani? Kwa hilo twende Baltimore, huko huko Marekani, mwaka 1951. Mwanamke mweusi mwenye watoto 5, Henrietta Lacks, alifika Hospitali ya Johns Hopkins akilalamika kwamba anahisi uvimbe ndani. Wakakuta saratani ya mlango wa kizazi. Wakamtibu kwa madini ya radiamu, ambayo ndiyo ilikuwa tiba ya wakati ule, kisha kwa mionzi. Akarudi kliniki kama alivyoagizwa. Huyu hakuiweka kadi katika droo. Alirudi, akapimwa kwa macho na kwa mikono, na katika faili wakaandika kwamba hakuna dalili ya ugonjwa kurudi. Naye akiwaambia kwamba anaumwa, na kwamba anahisi maradhi yanasambaa. Majuma machache baadaye ikawa dhahiri kwamba mgonjwa alikuwa akisema kweli. Akafariki tarehe 4 Oktoba, 1951, akiwa na umri wa miaka 31.

Wengi wamelisikia jina lake kwa sababu nyingine. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwomba ruhusa, na chembe zake, zinazoitwa HeLa, zikawa chembe za kwanza za binadamu kuendelea kuishi na kuzaana katika maabara bila kikomo. Zipo hai mpaka leo katika maabara za dunia nzima. Zilisaidia kupatikana kwa chanjo ya polio na mambo mengine mengi, na kwa miaka mingi familia yake haikujua. Hilo ni deni kubwa, na linahitaji mazungumzo yake peke yake. Leo nataka ulikumbuke jambo moja tu: ndani ya chembe hizo mlikuwa mmejificha jibu la swali la Verona. Madaktari waliomhudumia hawakuwa na njia ya kuliona. Dunia iliziotesha chembe za Henrietta kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya mtu kutazama ndani na kumwona mharibifu.

Mtu huyo aliyetazama alikuwa Mjerumani, Harald zur Hausen, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki mwaka 2023. Na hapa historia inagusa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa sehemu hizi. Mwaka 1964 watafiti wa Uingereza wakaona kirusi ndani ya uvimbe huo. Zur Hausen naye, mwaka 1970, akathibitisha kwamba vinasaba vya kirusi hicho vimo ndani ya chembe za uvimbe wenyewe. Basi akajiuliza: kama kirusi kinaweza kujificha ndani ya saratani ya watoto wa Uganda, kwa nini kingine kisijifiche ndani ya saratani ya mlango wa kizazi?

Wakati ule wataalamu wengi walimshuku kirusi wa malengelenge ya sehemu za siri. Zur Hausen alimtafuta, hakumwona. Yeye akamshuku kirusi mwingine, wa jamii ya papiloma, ile inayoleta chunjua, ambayo kwa kifupi cha Kiingereza huitwa HPV. Mwaka 1974, katika mkutano uliofanyika Florida, alisimama akasema kwamba kirusi wa malengelenge hayumo katika sampuli zake. Wenzake wakampokea kwa ubaridi. Hakuvunjika moyo. Mwaka 1983 yeye na wenzake wakamtangaza HPV wa aina ya 16, na mwaka 1984 aina ya 18. Aina hizo 2 peke yake ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Na walipochungulia ndani ya chembe za HeLa, alimokuwa Henrietta Lacks, wakamkuta humo aina ya 18, ametulia. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likatamka rasmi kwamba aina hizo mbili husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 1999 uchunguzi wa sampuli kutoka nchi 22 ukaonyesha kirusi hicho kimo katika asilimia 99.7 ya saratani hizo. Mwaka 2008 zur Hausen akapewa Tuzo ya Nobel. Daktari wa Verona alikuwa amepata jibu lake, baada ya miaka 141 kupita tangu alipouliza hadi kirusi kilipokamatwa.

Sasa turudi kwa mpwa wangu na karatasi yake. Baada ya kumjua mwizi kwa jina, wataalamu walitengeneza kipimo kinachomtafuta mwizi mwenyewe badala ya kitasa. Muuguzi huchukua ute kwa brashi ndogo, au mwanamke hujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba faraghani, na mashine hutafuta vinasaba vya kirusi. Baadhi ya mashine hizo ni zile zile zilizozoeleka katika hospitali zetu kupimia kifua kikuu, na majibu huweza kutoka kwa muda wa kiasi cha saa moja. Mashine haisomi sura ya chembe wala haichoki macho. Inauliza swali moja tu: yumo, au hayumo?

Na swali hilo hilo ndilo linalofaa kuulizwa baada ya matibabu. Daktari anapochoma au kukata sehemu iliyobadilika, anaondoa kile anachokiona. Kirusi naye kwa kawaida hutoweka pamoja nayo, lakini si siku hiyo hiyo. Mwili huchukua miezi kumsafisha. Ndiyo maana hawakupimi kesho yake. Uingereza, kuanzia mwaka 2011, ilianza kueneza utaratibu wa kuwapima kirusi wanawake waliotibiwa mabadiliko ya awali, miezi 6 baada ya tiba, na wakakiita kipimo cha kuthibitisha uponyaji. Wamarekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, wanasema mwanamke aliyetibiwa mabadiliko makubwa apimwe baada ya miezi 6, kisha kila mwaka mpaka majibu 3 mfululizo yawe safi, kisha kila baada ya miaka 3 kwa muda usiopungua miaka 25. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2021 uliozifikiria nchi kama yetu, linasema arudi baada ya miezi 12 apimwe kirusi hicho, na kama hayumo, aendelee na ratiba ya kawaida ya wanawake wengine. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI hutakiwa apate majibu safi mara 2, miezi 12 mara mbili, kwa sababu hatari yake ya kupata saratani hii ni mara 6 ya mwanamke asiye navyo.

Je, tahadhari yote hiyo ina maana? Wataalamu wa Sweden walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa wanawake zaidi ya 130,000 waliowahi kutibiwa mabadiliko makubwa ya mlango wa kizazi tangu mwaka 1958. Waliona kwamba wanawake hao, ingawa walitibiwa, walibaki na hatari zaidi ya mara 2 ya kupata saratani kuliko wanawake wengine, na hatari hiyo iliendelea hata baada ya miaka 25. Tiba iliwasaidia sana, hilo halina ubishi. Lakini haikuwarudisha wakawa kama mtu ambaye hakuguswa kamwe. Hili ndilo nililotaka mpwa wangu alisikie: kutibiwa ni jambo moja, na kujua kwamba umepona ni jambo la pili, na la pili halipatikani ukiwa nyumbani.

Hapa nitenganishe mambo mawili, nisije nikapotosha. Haya niliyoyasema ni ya mwanamke kama mpwa wangu, aliyetibiwa kabla ya saratani. Mwanamke aliyetibiwa saratani yenyewe, kama marehemu mama yake, njia yake ni nyingine. Huyo hurudi kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 ya mwanzo, maana ndipo ugonjwa hurudi zaidi, kisha kila baada ya miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5. Daktari humwuliza, humsikiliza, humpima kwa mikono, na akishuku humpiga picha. Baada ya mionzi, kipimo cha Pap huwa kigumu kukisoma, kwa kuwa mionzi yenyewe huzipotosha sura za chembe. Kipimo cha kirusi hakitegemei sura, na chunguzi mbalimbali zimeona kwamba mwanamke ambaye kirusi wake hakutoweka baada ya mionzi ana hatari zaidi ya ugonjwa kurudi. Ndiyo maana wataalamu wanakichunguza kwa bidii, na wengine wanatafuta vinasaba vya kirusi hata katika damu. Lakini hakijachukua nafasi ya mikono na masikio ya daktari. Akuambiaye kwamba kipimo safi ni cheti cha uzima, anakudanganya. Damu isiyo ya kawaida, maumivu ya kiuno yasiyoisha, mguu mmoja kuvimba: hayo hayangoji tarehe ya kadi. Henrietta Lacks alisema, hakusikilizwa. Dada yangu hakusema, kwa sababu hapakuwa na miadi ya kumwuliza.

Najua msikilizaji mwingine amekwisha kuguna. Anasema hayo ni mambo ya Uingereza na Sweden. Sisi tutayaweza wapi? Basi na tutazame India. Katika vijiji vya wilaya ya Osmanabad wanawake zaidi ya 130,000 waligawanywa makundi. Wengine walipimwa kirusi mara moja tu, wengine Pap, wengine siki, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Matokeo yalipotolewa mwaka 2009, kundi lililopimwa kirusi lilikuwa limepunguza vifo kwa kiasi cha nusu. Makundi mengine hayakuonyesha punguzo la kutegemewa. Lakini huko Mumbai, kipimo hicho hicho cha siki, kilichorudiwa kila baada ya miaka 2 kwa mikupuo 4, kilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Siki ni ile ile. Kilichoongezeka ni kurudi.

Hapa kwetu kipimo cha siki ndicho kilichotufikia wengi wetu kwanza, kwa kuwa ni rahisi, na majibu na tiba hupatikana siku moja. Kipimo cha kirusi kinaenea, lakini hakijafika kila zahanati. Pale ambapo hakipo, mwanamke aliyetibiwa arudi tarehe ile ile apimwe kwa kile kilichopo. Tangu mwaka 2018 wasichana wetu wanapewa chanjo nchi nzima, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini chanjo humkinga ambaye hajaambukizwa. Haimtibu shangazi yake aliyekwisha kuambukizwa zamani. Dunia nzima mwaka 2022 ilihesabu wagonjwa wapya wa saratani hii kiasi cha 660,000 na vifo kiasi cha 350,000, na vifo karibu vyote vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania makadirio ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Mipango imewekwa kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Mpango mzuri. Lakini hakuna asilimia iliyowekwa kwa ajili ya wale watakaokumbuka kurudi. Hiyo imeachwa kwetu sisi majumbani.

Liko jambo moja la mwisho, na hili nawaambia wanaume wenzangu. Mpwa wangu hakuogopa sindano wala brashi. Alipomaliza kunisikiliza alinong'ona: "Mjomba, nikikutwa nacho tena, mume wangu atasema nini?" Hapo nikaelewa kwamba swali la kwanza lilikuwa kifuniko cha swali hili. Basi sikilizeni. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, lakini ni cha kawaida mno, hata watu wengi waliowahi kukutana kimwili hukipata wakati fulani wa maisha yao, wanaume kwa wanawake, na wengi mwili hukifukuza katika muda wa miaka 2 bila wao kujua. Wengine hukaa nacho miaka mingi kimetulia. Kwa hiyo kukutwa nacho leo hakuonyeshi kilipatikana lini wala kwa nani. Si ushahidi wa uzinzi. Mume anayeigeuza karatasi ya kliniki kuwa hati ya mashtaka anamfundisha mkewe kuificha karatasi inayofuata, na karatasi iliyofichwa ndiyo inayoua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nathubutu kuongeza kwamba aliyeziba ufa naye hana budi kurudi kuutazama baada ya mvua, aone kama umeshika.

Jumatatu asubuhi nilibadilishana zamu na mwenzangu studio nikamsindikiza mpwa wangu kliniki. Mumewe alikuja pia, bila kuitwa na mtu. Tulikaa benchi moja, wanaume wawili kati ya wanawake wengi, kila mmoja ameshika karatasi yake. Aliingia ndani, akatoka baada ya muda usiofika robo saa. Majibu yake ni yake mwenyewe, sitayatangaza redioni. Ninalotangaza ni kwamba alirudi.

Na wewe unayenisikiliza jioni hii, kama kuna kadi ya namna hiyo nyumbani mwako, ya mke, ya dada, ya mama au ya kwako mwenyewe, usingoje mazungumzo yangu ya juma lijalo. Ukimaliza kunisikiliza, fungua droo, usome tarehe. Kwa herini.